Mrushaji anakokota mguu wa nyuma kama jembe, nianzie wapi kumrekebisha?

Kocha_Majengo (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nina binti wa miaka 11, mrushaji wa softiboli, anatumia mkono wa kulia. Mkono uko vizuri, shida ni mguu wa nyuma. Akishatoka kwenye bao (kibao anachokanyaga mrushaji), kiatu kinachimba vumbi hadi kinaacha mfereji, mwili unachelewa na mpira unapaa juu ya mabega ya mpigaji. Kiatu chenyewe, cha mtumba kutoka soko la Memorial, kimeshatoboka upande wa kidole gumba. Nimwambie aunyanyue mguu, au ni viatu tu?

Mdakaji_Njiro
Usimwambie aunyanyue, kocha. Ataanza kuruka, kisha atatua na kusukuma upya katikati ya mwendo, na hapo mwamuzi anahesabu mrusho haramu. (Kuruka tu miguu yote ikiwa hewani, baadhi ya mashirikisho yameruhusu miaka ya karibuni, soma sheria za mashindano yenu. Kusukuma mara ya pili nje ya bao bado ni kosa.)

Mguu unachimba kwa sababu uzito umebaki juu yake. Kwanza soma alama. Sawazisha vumbi kwa fagio, chora mstari wa chokaa kutoka katikati ya bao hadi besi ya nyumbani (pale anaposimama mpigaji), arushe mipira mitano, na uangalie ardhi kila baada ya mrusho. Mfereji ukianza palepale kwenye bao, hasukumi, anapiga hatua tu. Ukiwa mwembamba mwanzoni halafu unazama mwishoni, analalia nyuma wakati wa kuachia mpira, na ndiyo maana unapaa. Alama pana maana yake ubavu wote wa kiatu uko chini; inatakiwa iguse ncha tu, upande wa ndani wa kidole gumba, kisigino kikiwa juu. Alama ikikatika kisha ikaanza tena, huko ndiko kusukuma upya. Alama kupinda kidogo si neno, nyonga zinafunguka.

Kwa maelezo yako nahisi ni la pili. Mrekodi kwa simu ukiwa upande wa besi ya tatu (kulia kwake akimtazama mpigaji), simu usawa wa kiuno. Mguu wa mbele unapotua, mkono uwe umeshapita juu unaanza kushuka nyuma, na mguu wa nyuma uwe umeliacha bao angalau kwa urefu wa kiatu chake. Ukiona bega la kulia limeshuka chini sana kuliko la kushoto, umempata mchawi.

Zoezi: sakafu ya saruji, kitambaa chini ya ncha ya kiatu cha nyuma. Asimame ubavu, miguu imeshatanuka, mkono juu. Arushe huku akikiteleza kitambaa kwenda mbele. Kitambaa kikibaki nyuma, uzito haujahama. Mirusho 15 kwa nguvu nusu inatosha, tena kabla hajachoka. Na asilazimishe kugonganisha magoti. Goti la nyuma lifuate lenyewe baada ya mpira kutoka.

Ngozi_na_Uzi (Arusha)
Naongezea la viatu, kwa sababu watu hukimbilia kipande cha tairi. Tairi linang'ata ardhi, mguu utazidi kukwama. Mwambie fundi ashone ngozi ngumu kuanzia ncha hadi ubavu wa kidole gumba, agundishe kwanza ndipo ashone kwa uzi wa nailoni. Mshono ukae juu, mbali na sehemu inayosuguliwa, la sivyo unakatika mapema.

Halafu angalia shimo mbele ya bao. Udongo wetu wa volkano ukikauka ni unga, warushaji wawili tu wanatosha kulichimba. Kidole kikiingia humo hata mwenye mbinu safi anakwama, na kifundo cha mguu kinaweza kuteguka. Jaza, mwagia maji kidogo, shindilia kila baada ya mazoezi. Masika hamishia zoezi la kitambaa kwenye veranda.

Kocha_Majengo (Moshi)
Nimetazama video, bega la kulia kweli limezama. Alama inazama mwishoni vilevile. Umbali wa kutoka bao hadi besi ya nyumbani nilipima kwa hatua, kumi na nne.

Mdakaji_Njiro
Hatua zako au zake? Chini ya miaka 12 ni mita 12.19, chini ya 10 ni mita 10.67. Pima kwa futi kamba, kutoka ukingo wa mbele wa bao hadi ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani. Hatua kumi na nne za mtu mzima zinaweza kufika mita 13.11 za wakubwa au kupita, na mtoto akiona mpira haufiki hulalia nyuma ili aurushe juu. Mrudishe kwenye 10.67 kwanza. Alama ikibaki nyembamba hadi mwisho mipira kumi mfululizo, msogeze nyuma nusu mita nusu mita. Ikianza kuzama tena, mrudishe mbele nusu mita. Akilalamika goti au nyonga, simamisha siku hiyo.