Ryzen 5 2600: nipandishe spidi vipi bila kuiunguza?

kijana_mhariri
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani, mtumba wa Kariakoo: Ryzen 5 2600, mazabodi ya B450, RAM GB 16, feni ileile iliyokuja na prosesa. Nahariri video za harusi, na kurenda kunanikesha. Jana nikaingia BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi), nikaweka prosesa 4.1 GHz, volti nikaziacha Auto. Ikawaka safi, ila dakika kumi ndani ya kazi ikajizima. Nimeua kitu?

mzee_wa_pesti
Hapana mkuu, imejilinda. Kikomo chake ni nyuzi 95. Kilichokuponza ni hiyo Auto, bodi inajimwagia volti kuliko haja. Volti zikizidi kwa asilimia 10, umeme unaoliwa unazidi kama asilimia 21, na wote unageuka joto.

Rudisha BIOS ilivyokuwa, kisha badilisha pesti, ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na bati la feni. Ya mtumba huwa imekauka kama ukoko. Angalizo: iendeshe kwanza ipate moto, zima, chomoa waya, legeza skrubu, kisha lizungushe bati la feni kushoto kulia kabla ya kulivuta. Ukilivuta kwa nguvu, prosesa ya AM4 (soketi ya hiyo Ryzen yako) inang'oka nalo na pini zinapinda. Yalishanikuta, sitaki hata kusimulia.

Baada ya hapo weka kizidisho 38 (yaani 3.8 GHz), volti 1.25 kwa mkono. Endesha Cinebench (programu ya kuipa prosesa kazi nzito) nusu saa, HWiNFO ya kusoma joto ikiwa wazi pembeni. Joto likiruhusu, ongeza kizidisho robo robo. Ikiganda, ongeza volti kidogo tu. Mimi 1.35 sivuki.

dada_wa_tanga
RAM ni kijiti kimoja au viwili? Na spidi yake inasoma ngapi?

kijana_mhariri
Kimoja dada. Kimeandikwa 3000, inasoma 2133.

dada_wa_tanga
Basi unahangaika na prosesa wakati RAM imelala! Washa XMP kwenye BIOS, ndiyo inayoipa RAM spidi iliyoandikwa, ukipata hela tafuta pacha wake. Ila nayo ni kuovakloki (kupandisha spidi kupita kiwango cha kawaida), ipime kwa MemTest86, programu ya kukagua RAM. RAM ikiyumba inaharibu mafaili kimyakimya, kwa hiyo harusi za watu zihamishie diski ya nje kwanza.

kijana_mhariri
Nimerudi. Pesti ilikuwa jiwe! XMP imekubali. Prosesa nimeiacha 3.85 kwa volti 1.275: usiku nyuzi 76, mchana 83.

mzee_wa_pesti
Hiyo 83 ni chumba chako. Fungua ubavu wa kasha, uelekezee pangaboi, upime tena.