Alama za ufupisho za mwalimu: nizipige zilivyo au niandike maneno?

Mchapaji_Ngamiani
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina duka dogo la steshenari Ngamiani hapa Tanga, kazi nyingi ni vitini na mitihani. Mwalimu mmoja kaniletea daftari la kitini cha hisabati kwa Kiswahili, cha watahiniwa wa kujitegemea. Kaandika kama ubaoni: ∴ ni "kwa hiyo", ∵ ni "kwa sababu", ∀ ni "kwa kila", ∃ ni "kuna", na s.t. ni "ambayo". Mfano:

∀ n shufwa ∃ k s.t. n = 2k ∴ n² = 4k² ∴ n² shufwa

Nimepiga kwenye Word. Kwangu zinatoka, ila kwa jamaa mwenye mashine kubwa ∴ na ∵ zinageuka vijisanduku. Hata zikitoka, ukurasa umebanana mno. Wanaokwenda kukisoma hawana wa kuwaelekeza, sitaki wakisome kwa taabu. Nifanyeje?

Kijana_Raskazone
Dada, vijisanduku ni fonti. Kompyuta ya jamaa haina fonti uliyotumia, ikaweka nyingine isiyo na alama hizo. Hifadhi PDF kwako, fonti zisafiri ndani ya faili. Kupata alama haraka: andika 2234 kisha Alt+X, inatoka ∴. 2235 ni ∵, 2200 ni ∀, 2203 ni ∃. Ukitaka maneno, Ctrl+H tu: badilisha kila ∃ iwe "kuna", s.t. iwe "ambayo", umemaliza.

Mwl_Chumbageni
Marahaba mwanangu. La PDF kijana kajibu vizuri. La Ctrl+H usilifanye. ∃ haina ngeli, Kiswahili kinayo: ipo namba ambayo, upo mstari ambao, kipo kipeo ambacho. Lazima usome kila sentensi.

Na ni vizuri usome. Ubaoni alama zile zina haki yake: kipindi ni kifupi, na mwalimu anatamka kwa mdomo kile ambacho mkono umekifupisha. Kitini hakina mdomo. Donald Knuth, huyo aliyetengeneza TeX ambayo dunia nzima inachapia hisabati, alifundisha uandishi wa hisabati Stanford mwaka 1987, na shauri lake lilikuwa hilo hilo: ∴, ⇒ ("ikiwa hivi, basi vile"), ∀ na ∃ ziandikwe kwa maneno, isipokuwa kwenye kazi za mantiki.

Sasa tazama mstari wako ukiandikwa:

"Chukua namba yoyote shufwa n. Ipo namba kamili k ambayo n = 2k. Kwa hiyo n² = 4k² = 2(2k²), nayo ni shufwa."

Umeona 2(2k²)? Kwenye daftari haikuwepo. Hiyo ndiyo sababu yenyewe ya n² kuwa shufwa, na ile ∴ ya pili iliruka juu yake bila mtu kushtuka. Ukilazimika kuandika "kwa hiyo", unajiuliza kwa hiyo kwa lipi. Mwanafunzi aliye peke yake Makorora usiku anakwama hapo hapo, na hana wa kumuuliza.

Sura ya mantiki iache na alama zake, maana hapo ∀ na ∃ ndizo zinazofundishwa. Na ∎ mwishoni mwa uthibitisho haina ubaya. Haimezi neno lolote, inamwambia msomaji tumefika.

Bagamoyo_TeX
Naungana na mwalimu kwenye aya. Lakini njia za kukokotoa, zile zinazoshuka mstari kwa mstari, ∴ mwanzoni mwa mstari iachwe. Wanafunzi wetu wameizoea na inaonyesha hatua vizuri.

Ukihamia LaTeX siku moja, yaani mfumo wa kuchapa uliojengwa juu ya TeX, amri za \therefore (∴) na \because (∵) zinahitaji kifurushi cha amssymb, nazo zinajipa nafasi pande zote mbili. \forall (∀) na \exists (∃) hazijipi, ndiyo maana maandishi hubanana. Weka \, (nafasi ndogo) kabla ya kinachofuata.

Mwl_Chumbageni
Hapo kwenye mistari ya kukokotoa nakubali.

Mchapaji_Ngamiani
Ahsanteni sana. Siwezi kubadili kazi ya mwenyewe bila idhini yake, kwa hiyo nimechapa ukurasa mmoja kwa namna zote mbili. Ile 2(2k²) nimeiandika pembeni kwa penseli, aione mwenyewe kabla sijaigusa. Kesho asubuhi anapitia dukani.