Furaha ya ndani inapatikanaje wakati mambo yamekwama?

Mtunza Hesabu, Moshi

Ndugu zangu, salaam. Nina umri wa miaka 41, na hadi Februari nilikuwa mtunza hesabu katika kampuni moja ya kupokea watalii. Kazi imekwisha, akiba inaelekea kwisha, na nina watoto wawili katika shule ya sekondari ya binafsi. Kila ninayemweleza hali yangu, kuanzia mchungaji hadi shemeji, hunijibu kwamba furaha haitoki nje bali imo ndani yangu, na kwamba nikiitafuta nitaiona. Nimeitafuta. Ninapoamka saa tisa usiku na kuanza kujumlisha madeni kichwani, kazi ambayo kwa bahati mbaya ninaimudu, sioni humo ndani ila hofu. Ninauliza kwa dhati wala si kwa kejeli: yupo aliyewahi kuipata furaha hiyo akiwa bado katikati ya shida? Alifanya nini hasa?

Msuka Ukili, Tanga

Mdogo wangu, pole sana. Nitakueleza lililonipata bila kutia chumvi. Figo za mume wangu ziliposhindwa kufanya kazi, tulikuwa tukienda hospitali asafishwe damu mara tatu kwa juma, na kila safari alilazwa kwenye mashine kwa takribani saa nne, huku mimi nikiwa kwenye benchi la nje nikihesabu fedha tulizobakiwa nazo. Miezi ya mwanzo nililia tu. Siku moja nikabeba miyaa niliyokuwa nimekwisha kuitia rangi, si kwa kuwa nilikuwa na moyo wa kusuka, bali kwa kuwa mikono ilinichosha kwa kukaa bure. Ukili hauna msamaha: ukikosea mwaa mmoja, kosa litaonekana mpaka mkeka uchakae, kwa hiyo akili hulazimika kushuka vidoleni na kukaa huko. Sikucheka wala sikuimba, lakini zilikuwapo saa moja au mbili ambazo hofu ilikaa kando. Jioni nilipomwonyesha mume wangu urefu niliofikia, alianza kuzikosoa rangi zangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue, nasi tukagombana kidogo kama zamani. Ugomvi ule ndio ninaouita furaha. (Mkeka wenyewe ulitoka mpana kuliko chumba.)

Mwalimu, Mombasa

Ninatofautiana na hao waliomshauri ndugu yetu, si na mama aliyetangulia. Kumwambia mtu aliyepoteza kazi kwamba furaha imo ndani yake ni kumtwika mzigo wa pili, kwa sababu sasa hana mshahara na, juu ya hayo, anaonekana mvivu wa kutafuta kilichomo kifuani mwake. Mtazameni Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi, akawekwa peke yake katika gereza la Kamiti, na huko akawa anatunga mashairi kwa siri na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Diwani iliyotokana na karatasi hizo, iliyochapishwa mwaka 1973, aliiita *Sauti ya Dhiki*. Dhiki aliitaja kwa jina lake, kisha akaitia katika vina na mizani. Na asiyejua kazi hiyo ilivyo ngumu ajaribu kutunga beti mbili tu zenye mizani nane kwa kila kipande. Ninaamini mle chumbani alikuwa na kitu ambacho askari hakuweza kukifungia, lakini kitu hicho hakikumwondolea hasira, wala hakikumdai atabasamu.

Muuguzi Mstaafu, Unguja

Kaka, mimi nimeishika hiyo saa tisa ya usiku. Watu wa kabila la Washona, huko Zimbabwe, wana neno *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, na wanalitumia kutaja hali inayofanana sana na yako. Mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kuwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa na wenye hali hiyo kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hamwambii mtu atafute furaha. Humsikiliza, humwacha ayataje matatizo yake yote, kisha humwomba achague moja, na wawili hao hupanga hatua ya kulikabili hilo tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu zaidi ya 500, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo yaandike madeni yako mchana, si usiku, uchague moja. Lakini ikiwa huzuni imekaa nawe karibu siku nzima kwa majuma mawili au zaidi, chakula hakipiti, na mambo uliyoyapenda hayakugusi tena, hiyo huenda ikawa sonona, nayo inatibika. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje hata siku moja.

Mtunza Hesabu, Moshi

Ahsanteni nyote. Nimechagua ada ya mtoto wa pili. Leo nimekwenda shuleni, na mhasibu amekubali nilipe kwa awamu nne. Nilipotoka nilijikuta nimesimama getini nikizungumza na mlinzi juu ya mvua na mahindi kwa karibu nusu saa, jambo ambalo sikumbuki nilipolifanya mara ya mwisho. Usingizi na chakula bado ni shida, na majuma mawili yamepita zamani. Dada Muuguzi, nianzie wapi?

Muuguzi Mstaafu, Unguja

Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uulizie huduma ya afya ya akili. Wahi asubuhi, na hiyo saa tisa ya usiku uwaeleze kama ulivyotueleza sisi.