Jasho la kwapa linanitesa, tiba yake ni ipi?

Mwalimu wa Nkuhungu: Wakuu, habari. Nafundisha sekondari hapa Dodoma. Kwapa zinalowesha shati hata Julai, na baridi yote hii ya upepo. Harufu hakuna, ni maji tu. Kuandika ubaoni kumekuwa mateso, wanafunzi wananong'onezana. Nimeshachoka.

Mdau: Pole sana mwalimu. Deodoranti ya kawaida inaondoa harufu, haizuii maji. Uliza famasi dawa ya kupaka yenye alumini kloraidi asilimia 20. Paka usiku kwapa likiwa kavu kabisa, asubuhi ioshe. Usipake ukitoka kunyoa, inachoma mno! Jasho likipungua, mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Nesi: Ikigoma, muone daktari wa ngozi. Sindano za Botox hukausha kwapa kwa miezi kadhaa, kisha zinarudiwa, na bei imechangamka. Vidonge vya oksibutinini vipo, ila hukausha mdomo. Upasuaji wa kukata neva mimi siushauri haraka, jasho huweza kuhamia mgongoni. Lilianza lini? Kama ni ghafla, au unalowa usiku na kukonda, pima kwanza TB, sukari na homoni za tezi ya shingo.

Mwalimu wa Nkuhungu: Tangu kidato cha pili, na usiku nalala mkavu. Asanteni mno, kesho napita famasi.