Miosotisi: unga mweupe majanini, mbegu hazioti

Swali: Majani ya miosotisi (maua madogo ya buluu ya bustanini) yamejaa unga mweupe, na mbegu nilizomwaga juu ya udongo hazioti. Tatizo ni nini?

Jibu: Huo ni ukungu, ndugu. Hushika majani wakati mizizi imekauka na mimea imesongamana. Punguza mimea, uache sentimita 15 hadi 20 kati ya mche na mche. Mwagilia shinani asubuhi, usiloweshe majani. Yaliyoathirika yakate, wala usiyatie kwenye mboji.

Jibu: Mbegu zake huota vizuri gizani. Zifukie kwa milimita 3, udongo ubaki na unyevu. Zitachipua ndani ya wiki 2 hadi 3. Uwe na subira: miosotisi ya bustanini (Myosotis sylvatica) kwa kawaida huchanua mwaka wa pili.

Jibu: Naongezea: ipe mimea kivuli cha mchana, jua kali huiunguza. Maua yakinyauka, bakiza machache yadondoshe mbegu.