Chaji inaisha kabla ya saa tisa: niondoe wijeti zote?

Mwalimu wa Ukerewe
Ndugu zangu, naomba ushauri. Simu yangu ya Android naichomoa kwenye chaji saa kumi na mbili asubuhi ikiwa imejaa, lakini kabla ya saa tisa alasiri imeshazima, na kwa kuwa shuleni kwetu hakuna umeme, wazazi wanaonitafuta hawanipati. Kwenye skrini ya kwanza nina wijeti, yaani vile vidirisha vinavyoonyesha taarifa za programu bila kuifungua: ya hali ya hewa, ya habari na ya kalenda. Kila nikimaliza kutumia programu huifunga kabisa, na bado sioni nafuu.

Fundi wa Kariakoo
Pole, Mwalimu. Kwanza acha kufungafunga programu. Programu iliyotulia haili chaji ya maana, ila ukiifunga na kuifungua tena simu hulazimika kuipakia upya, na hapo ndipo inapofanya kazi kubwa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyowekwa tu mezani, skrini ikiwa imezimwa, huzituliza programu yenyewe. Ingia Mipangilio, kisha Betri, kisha Matumizi ya betri, utafute programu iliyokula asilimia kubwa ilhali hukuifungua. Huyo ndiye mwizi wako, mzuie asifanye kazi chinichini. WhatsApp usiiguse, maana ukiizuia ujumbe wa wazazi utachelewa kukufikia.

Binti Nyamagana
Nakubaliana na Fundi, ila wijeti nazo hazilingani. Ya kalenda iache, kwa sababu husoma yaliyomo ndani ya simu. Ya hali ya hewa ndiyo ya kuangalia: kila inapojisasisha huvuta data na kutafuta mahali ulipo. Iandikie jina la mji wa huko Ukerewe, Nansio, uinyime ruhusa ya mahali, na muda wa kujisasisha uwe kila baada ya saa sita. Jambo jingine, Mwalimu, huko visiwani mtandao ukiwa hafifu simu huongeza nguvu ili iufikie mnara, na chaji huisha hata usipoigusa. Iweke karibu na dirisha.

Mwalimu wa Ukerewe
Ahsanteni sana. Nimekuta programu ya habari, ambayo sijaifungua tangu Jumapili, imekula asilimia 31. Nimeizuia na kuiondoa wijeti yake, na ile ya hali ya hewa nimeiandikia Nansio. Leo saa tisa simu ilikuwa na asilimia 44, na mzazi mmoja amenipata nikiwa bado darasani.