Nimejiponza: mkutano wa mtandaoni, tupo watano tu, zimebaki wiki 11

nukta_mkato aliandika:

Wakuu, heshima kwenu.

Mdomo umeniponza. Mwezi uliopita kwenye kikundi chetu cha watumiaji wa lugha moja ya programu (si kikundi kikubwa, tupo kama mia tatu na ushee, tumetapakaa nchi mbalimbali) mtu aliuliza mbona hatujawahi kuwa na mkutano wetu wenyewe. Nikajibu kwa mzaha, "tuufanye mtandaoni, hiyo ni kazi ya wikiendi mbili." Asubuhi naamka nakuta nimeshaandikwa mratibu.

Hali ilivyo: tupo watano, wote wa kujitolea, kila mtu ana ajira au masomo. Mkutano ni wa siku moja, Jumamosi, wiki kumi na moja kutoka sasa. Watoa mada 14 wamejitokeza. Bajeti hatuna. Tuna seva moja ambayo mwenzetu anailipia kwa shughuli zake na amekubali tuiazime, BigBlueButton (programu ya mikutano ya video) ipo juu yake tayari, na OBS, ile ya kuchanganya na kurusha video, naijua kiasi cha kutojiaibisha.

Juzi tulifanya jaribio na mtoa mada mmoja. Akaingia, sauti yake ikawa inarudi kama mtu anayeongea kisimani. "Unanisikia?" "Nakusikia, wewe je?" "Sema tena?" Nilipotazama saa, dakika tisa zimekwisha. Mada yenyewe ni ya dakika ishirini. Nikazidisha kwa kumi na nne, nikafunga kompyuta nikaenda kulala.

Naomba msaada kwenye haya: mada ziwe mubashara au zirekodiwe? Nusu ya watoa mada hawataki kurekodi, wanasema inaua uchangamfu. Ratiba mnaipangaje watu wanapokuwa kwenye nchi zenye majira tofauti ya saa? Na watu watano tunatosha kweli?

kobe_wa_pili alijibu:

Pole, na hongera pia. Nimeratibu mikutano ya aina hii mara nne na wa kwanza ulikuwa aibu tupu, kwa hiyo haya nimeyalipia.

Swali lako la kwanza limebeba hayo mengine yote, niache nilikalie kidogo. Rekodini. Mada zirekodiwe, maswali yawe mubashara. Wala si ubunifu wangu. FOSDEM, mkutano wa programu huria ambao kwa kawaida hufanyika Brussels, ulipolazimika kuhamia mtandaoni Februari 2021 ulifanya hivyohivyo: mada zilirekodiwa mapema, kisha mwenye mada akawepo mwenyewe kujibu maswali, gumzo likipita kwenye Matrix na video kwenye Jitsi. EmacsConf, mkutano wa watumiaji wa kihariri cha Emacs ambao uko mtandaoni tangu 2019 na unaendeshwa na watu wa kujitolea kama ninyi, nao huomba rekodi kabla ya siku. Hao ni wazoefu kuliko mimi na wewe, na bado hawakutaka kubahatisha.

Watu hudhani sababu ni intaneti kukatika. Hiyo ipo, ila mimi naiweka ya pili. Ya kwanza ni kwamba rekodi inahamisha kazi. Siku ya mkutano una saa nane na watu watano waliochoka. Kabla yake una wiki kumi na moja. Tatizo lolote unaloweza kuliondoa kwenye ile Jumamosi ukalipeleka Jumanne ya wiki tatu nyuma, lipeleke.

Mwaka wangu wa pili nilipokea rekodi ya mtu akieleza alivyopunguza muda wa majaribio ya programu yake. Sauti safi, maelezo yamenyooka, ana ucheshi. Lakini terminali yake, lile dirisha la kuandikia amri! Herufi kama sisimizi, kijivu juu ya nyeusi. Niliifungua kwenye simu makusudi, maana watazamaji wengi ndivyo wanavyotazama, sikuambulia hata neno. Nikamwandikia, akakuza herufi hadi 24, akageuza rangi, jioni ileile akarekodi upya. Sasa niambie, angekuwa mubashara nani angemkatiza dakika ya tatu amwambie hatuoni? Na akikatizwa, ule ucheshi angebaki nao?

Tarehe ya mwisho ya kupokea rekodi iwe wiki nne kabla ya mkutano. Nusu watakuletea wiki mbili kabla, na kuna mmoja ataleta usiku wa kuamkia mkutano pamoja na kisa kirefu. Wote hao wamo ndani ya zile wiki nne. Usiwaambie tu.

Maelekezo kwa watoa mada yasizidi nusu ukurasa, zaidi ya hapo hayasomwi. Mimi huandika: dakika 20, ubora wa 720p unatosha, kipaza sauti cha hedifoni ni bora kuliko cha kompyuta, zima arifa zote (nimewahi kuona ujumbe wa "mpenzi umeamkaje" ukikatiza kona ya skrini katikati ya somo la kanzidata), na rekodi kwanza sekunde thelathini, uzisikilize, ndipo urekodi yote. Hiyo ya mwisho naiweka kwa herufi nzito na bado wanairuka.

Ukubwa wa sauti usiwasumbue nao. Mmoja atanong'ona, mwingine atafoka, halafu mtazamaji anayezisikiliza zikifuatana anaruka kwenye kiti. Chujio la loudnorm ndani ya ffmpeg (programu ya kuchakata sauti na video) linasawazisha kwa kufuata EBU R 128, kipimo cha watangazaji wa Ulaya ambacho shabaha yake ni LUFS -23 (LUFS hupima ukubwa wa sauti). Hata ukichagua kiwango kingine, cha maana ni faili zote 14 zilingane. Skripti ya mistari mitano, unaiwasha unalala.

Majira. Kila kitu kwa UTC (saa ya kimataifa), kwa saa 24, na kwenye tovuti mtu aone pia kwa saa yake mwenyewe. Sisi tunaotumia Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Mtoa mada wangu mmoja alijaza kwenye fomu "saa 2", nikamwingiza 02:00. Maskini alimaanisha saa mbili usiku. Tuligundua siku tatu kabla, tena kwa sababu tu aliuliza kwa upole kama kuna mtu anayetazama mikutano alfajiri. Tangu hapo fomu yangu haina nafasi ya kuandika saa, ina orodha ya kuchagua. Halafu angalia kalenda: Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Machi ni kinyume, Marekani hutangulia kusogeza mbele, na hapo katikati hupita wiki mbili au tatu. Mkutano ukiangukia kwenye mapengo hayo, aliyezoea "nyinyi mko saa tano mbele yetu" atakuja muda si wake.

Watu watano mnatosha kwa siku moja, kwa sharti kwamba si wote watano mnafanya kazi kwa wakati mmoja. Mmoja kwenye OBS, anacheza video na kubadilisha picha. Mmoja chumba cha nyuma, anampokea mtoa mada nusu saa kabla na kumpima sauti, maana ile "unanisikia?" yenu ya dakika tisa ina mahali pake, ni huko nyuma pasipo na watazamaji. Mmoja anasoma maswali. Mmoja yuko kwenye gumzo na ana mamlaka ya kumtoa mtukutu bila kuomba ruhusa. Kanuni za maadili ziandikwe mapema na zitaje malalamiko yapelekwe kwa nani. Wa tano analala au anatembea. Sitanii.

Na funguo zote, yaani maneno ya siri ya kuingilia na kurushia matangazo, wawe nazo angalau wawili. Ile aibu ya mwaka wa kwanza ndiyo hii: matangazo yalikatika, ufunguo wa kurushia alikuwa nao mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amemaliza zamu yake, amezima simu, amelala usingizi wa haki. Dakika arobaini tulitazama skrini nyeusi. Mimi nilikuwa nikiandika "tunarejea punde" kwenye gumzo, kila dakika tano, hadi mtu akauliza punde yenu ina urefu gani.

Kitu kidogo cha kumalizia. Matangazo yakipitia HLS (njia ya kurusha video mtandaoni) mtazamaji yuko nyuma yenu kwa sekunde ishirini hivi, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa video hukatwa vipande na kicheza video hungoja vipande kadhaa kabla ya kuanza. Msoma maswali akisema "kuna swali?" halafu akanyamaza sekunde tano na kufunga, watazamaji ndio kwanza wanasikia mada inaisha. Awe na maswali mawili yake mfukoni ya kuzibia pengo.

mama_manukuu alijibu:

Habari zenu. Mimi kwenye mikutano nafanya manukuu tu, nawaachia wengine hayo ya seva.

Kobe amesahau faida moja ya rekodi: manukuu yanakuwa tayari siku yenyewe. Mwanangu nukta_mkato, usiyaone kama mapambo. Wanaosoma ni wengi kuliko unavyodhani, wakiwemo wasiosikia vizuri, wasioizoea lafudhi ya msemaji, na mwenye mtoto aliyelala kifuani.

Mada ya dakika ishirini ina maneno kama elfu mbili na nusu hadi tatu. Kuandika yote kwa mkono ni kujitesa. Whisper, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, imetolewa wazi tangu Septemba 2022, unaiendesha kwenye kompyuta yako, inakupa faili la WebVTT ambalo ni maandishi ya kawaida tu, unalihariri kwa kihariri chochote. Mimi kusahihisha mada moja kunanichukua saa moja na nusu ikiwa ni ya Kiingereza. Ya Kiswahili inakosea zaidi, panga saa tatu.

Makosa yake yana tabia. Msemaji akinyamaza akisubiri programu yake ijengwe, mashine hainyamazi naye, inajitungia. Nimeshakuta "asante kwa kutazama" katikati ya mada, mtu hajafumbua kinywa. Na majina ya maktaba za kodi (kodi ya programu, si ya serikali) inayavuruga vibaya. Kwa hiyo mwombeni kila mtoa mada, pamoja na rekodi, alete maneno kumi magumu ya mada yake jinsi yanavyoandikwa. Kumi tu. Mtanishukuru.

bado_nakompaili alijibu:

Mimi nitakuwa mbishi. Rekodi sawa, lakini kuna mada zinazokufa zikirekodiwa. Mtu anayeandika kodi mbele yako, anakosea, anakuna kichwa, anasoma ujumbe wa kosa, anarudi nyuma: kile ndicho tunachokuja kukiona. Akirekodi atarudia mara sita hadi kosa litoke, na utamu wote utatoka nalo. Nilishatoa mada ya hivyo. Nilirekodi mara saba. Ya saba haikuwa na kosa hata moja, na mke wangu aliyekuwa amekaa nami chumbani aliniambia ile ya pili ndiyo iliyokuwa nzuri.

Mkiwalazimisha wote 14 mtapoteza wawili watatu walio bora.

kobe_wa_pili alijibu:

Hapo umenishika, bado_nakompaili. Naongeza basi: ruhusuni mada mbili ziwe mubashara, zisizidi. Zisiwe za kwanza asubuhi, wala zisifuatane. Na kila mmoja wa hao wawili alete rekodi ya akiba, hata kama ni chafu, hata hiyo ya pili yenye makosa. Akipotea hewani, OBS inabonyezwa mara moja na hakuna anayekaa kwenye skrini nyeusi.

Hiyo ya maneno kumi naiiba leo hii, mama.

nukta_mkato aliandika:

Asanteni sana, wakuu. Shikamoo mama_manukuu.

Tumekaa jana usiku. Tumeamua mada 12 zirekodiwe, mbili mubashara na rekodi za akiba. Fomu nimeibadilisha, saa ni za kuchagua. Nilipoipitia ile ya zamani nikakuta watatu wameandika "saa 3" bila neno jingine lolote, nimewauliza mmoja mmoja na nimepata majibu mawili tofauti. Ufunguo wa kurushia tunao mimi na mwenye seva. Kuhusu mtu wa tano kulala, wote wanne wengine wamejitolea kwa nafasi hiyo, kwa hiyo tutapeana zamu.

Maelekezo nimeyatuma asubuhi, nusu ukurasa, ile ya sekunde thelathini kwa herufi nzito. Mmoja ana bidii ya ajabu, ameshaleta rekodi yake mchana huu. Ni ya dakika 38 na haina sauti. Nimemwandikia, anasema atarudia Alhamisi.